Mhafidhina Hapaswi Kuiogopa Serikali ya Wengine Tu

Mwezi Machi 2025 Wizara ya Fedha ya Marekani, kupitia kitengo chake cha FinCEN, ilitoa amri kwa maduka ya kubadilisha fedha, kutuma pesa na kulipa hundi yaliyomo kwenye maeneo 30 ya misimbo ya posta huko Texas na California, karibu na mpaka wa Mexico. Mteja akifanya muamala wa fedha taslimu unaozidi dola 200, duka lijaze ripoti na kuipeleka serikalini: jina lake, anwani yake, tarehe ya kuzaliwa, kazi anayofanya, namba zake za utambulisho. Kabla ya hapo ripoti kama hiyo ilitakiwa kwa miamala inayozidi dola 10,000.

Kwa anayeishi huku Marekani, dola 200 ni pesa ya kawaida kabisa. Ni sehemu ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa hoteli anayekwenda kulipwa hundi yake dukani kwa kuwa hana akaunti ya benki. Ni ada ambayo kaka anamtumia mdogo wake. Wizara ilisema inayasaka magenge ya dawa za kulevya, na sibishi kwamba magenge hayo yapo na yanaua watu. Lakini amri ilimshika kila aliyeingia dukani, bila kushukiwa chochote na bila jaji yeyote kuulizwa. Wenye maduka walikwenda mahakamani Texas na California, baadhi yao wakitetewa na mawakili wa Institute for Justice, na walioshtaki wakapata zuio. Septemba 2025 kiwango kikapandishwa hadi dola 1,000.

Amri hiyo haikutolewa na Wademocrat. Ilitolewa na serikali ya upande wangu, na ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Mimi ni mhafidhina. Nilizaliwa na kukulia Mombasa, sasa ni raia wa Marekani, naishi Texas, na mara nyingi kura yangu imekwenda kwa Warepublican. Nilikulia katika mazingira ambapo mtu akiitwa ofisi ya serikali moyo unamwenda mbio kabla hajajua anaitiwa nini. Nilipofika huku nikawakuta watu wanaosema kwamba serikali ni mtumishi wa kuangaliwa kwa jicho kali, kwamba familia, msikiti, kanisa na majirani wana kazi ambayo hakuna wizara inayoweza kuifanya, na kwamba jasho la mtu ni la mtu. Nikaona hawa wanasema nilichokijua tangu utotoni. Bado nayaamini hayo yote, na ninayoandika hapa nayaandika kwa sababu nayaamini.

Mwaka 2021 serikali ya Joe Biden ilipendekeza mabenki yaifahamishe IRS, mamlaka ya kodi, jumla ya fedha zilizoingia na kutoka katika kila akaunti yenye mzunguko wa kuanzia dola 600. Warepublican walisimama kama mtu mmoja. Maseneta, wabunge na waweka hazina wa majimbo walisema huo ni upekuzi wa taifa zima. Kiwango kikapandishwa hadi dola 10,000, na mwishowe pendekezo lote likafa. Mwaka huohuo ilipita sheria nyingine iliyozitaka programu za malipo kutoa taarifa kuanzia dola 600. Nayo tuliipigia kelele miaka minne, hadi sheria ya Julai 2025 ikarudisha kiwango cha zamani cha dola 20,000 na miamala zaidi ya 200. Nilijivunia mapambano yale. Sasa nauliza: aliyelia kwa sababu ya dola 600 za Biden, alikuwa wapi dola 200 zilipotangazwa kwa watu wa mpakani? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Mzizi wa jambo hili ni mrefu, na inafaa wenzangu waufahamu. Sheria ya Bank Secrecy Act ilipitishwa mwaka 1970 na kutiwa saini na Richard Nixon. Chini yake ndipo ilipowekwa ile ripoti ya dola 10,000, na kiwango hicho hakijabadilishwa tangu miaka ya mwanzo ya 1970, ingawa dola 10,000 za wakati ule leo ni zaidi ya dola 70,000. Yaani bila bunge kupiga kura hata mara moja, kila mwaka bei zinapopanda, wavu unazidi kuwa na matundu madogo na kunasa samaki wadogo zaidi. Mwaka wa fedha 2023 ripoti za aina hii zilikuwa milioni 20.8, ukiacha ripoti nyingine milioni 4.6 za miamala iliyotiliwa shaka, ambazo benki hairuhusiwi kumwambia mteja kwamba imemwandikia.

Mwaka 1976, katika kesi ya United States v. Miller, Mahakama ya Juu ilisema mteja hana haki ya faragha katika kumbukumbu zake za benki, kwa kuwa amezikabidhi mwenyewe kwa mtu wa tatu. Majaji wawili waliopinga, William Brennan na Thurgood Marshall, ni majina ambayo wahafidhina hatuyataji kwa sifa. Kwa hili walikuwa sahihi. Nani leo anaishi bila benki? Kumbukumbu za akaunti zinaonyesha daktari unayemwendea, vitabu unavyonunua, msikiti unaouchangia, ndugu unayemlea kimyakimya bila mkeo kujua. Kusema kwamba umeyatoa yote hayo kwa hiari ni kuufumbia macho ukweli wa maisha.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya watu wetu wa vyama na vikoba. Wengi wakisikia habari ya dola 10,000 hufikiri dawa ni kugawa: leo benki elfu tisa, kesho elfu nane. Ukifanya hivyo kwa nia ya kukwepa ripoti, hilo lenyewe ni kosa la jinai, hata kama kila senti ni ya halali. Wenye mikahawa na maduka madogo waliwahi kunyang'anywa akaunti nzima kwa sababu hiyo bila kushtakiwa kwa kosa lolote lingine, mpaka sheria ya mwaka 2019 ikaifunga IRS mikono kiasi. Weka pesa zote kwa mara moja, ripoti ijazwe, uende zako.

Wahafidhina tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya mkono wa mamlaka ya kodi. Mwaka 2013 ilifichuka kwamba IRS ilikuwa ikiyachambua maombi ya vikundi vyenye maneno kama Tea Party, vuguvugu la wahafidhina, kwenye majina yao, ikiyacheleweshea usajili na kuyauliza maswali yasiyo na mwisho. Mwaka 2017 serikali iliomba radhi mahakamani. Mwaka 2021, katika kesi ya Americans for Prosperity Foundation v. Bonta, Mahakama ya Juu ilikubali hoja yetu kwamba jimbo la California halina haki ya kukusanya orodha za wachangiaji wakubwa wa mashirika yote ya hisani kwa sababu tu huenda siku moja zikafaa. Hoja ile ilijengwa juu ya kesi ya mwaka 1958, ambapo Alabama ilitaka orodha ya wanachama wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi. Watu weusi wa kusini waliolindwa na uamuzi ule na matajiri wahafidhina wa mwaka 2021 walisimama chini ya paa moja la sheria. Jambo hilo linanigusa kila ninapolikumbuka.

Na sisi wa Afrika Mashariki tuna kisa chetu. Novemba 2001 serikali ya George W. Bush, Mrepublican, ililifunga shirika la Al-Barakaat, lililokuwa njia kuu ya Wasomali kutuma pesa nyumbani, kwa madai ya kufadhili ugaidi. Maduka ya Minneapolis yalivamiwa, fedha zikazuiwa, na familia zilizokuwa zikingoja pesa ya chakula zikabaki mikono mitupu. Agosti 2002 watu na biashara kadhaa walifutwa kwenye orodha ile. Tume iliyochunguza mashambulizi ya Septemba 11 haikupata ushahidi wa kuunga mkono madai makubwa yaliyotolewa dhidi ya shirika hilo. Wakati ule ilikuwa vigumu kumpata mhafidhina wa kuwasemea Wasomali. Ningependa safari hii tuwe wengi zaidi.

Nije kwenye uhamiaji. Hapa nitawaudhi wale wa upande mwingine kwanza. Nchi bila mpaka unaosimamiwa si nchi, na sheria isiyotekelezwa inamdhulumu aliyeitii. Ninawajua watu waliomwombea ndugu yao wa tumbo moja njia ya halali na kungoja zaidi ya miaka kumi, wengine wazazi wakafa foleni ikiwa bado haijasogea. Mwaka 1986 Ronald Reagan alisaini sheria iliyowahalalisha watu wapatao milioni 2.7, kwa ahadi kwamba waajiri wanaoajiri wasio na makaratasi wataadhibiwa. Msamaha ulitolewa, ahadi ya adhabu haikutimizwa kwa namna yoyote ya maana, na tangu siku hiyo mhafidhina akisikia neno mageuzi ya uhamiaji anashika mfuko wake. Namwelewa. Aliyeingia na kufanya uhalifu arudishwe kwao, na serikali isione haya kumrudisha.

Lakini nguvu ya kutekeleza sheria nayo ni nguvu ya serikali, na haibadiliki tabia kwa sababu imeelekezwa kwa mgeni. Afisa wa ICE, idara ya kukamata na kuondoa wahamiaji, hubeba hati iliyosainiwa na afisa mwenzake wa idara. Hati ya jaji ni kitu kingine kabisa, na kwa miaka mingi ilieleweka hivyo hata ndani ya idara yenyewe: kwa hati ya idara unaweza kumkamata mtu mahali pa wazi, lakini huvunji mlango wa nyumba yake. Januari 2026 vyombo vya habari vilifichua waraka wa ndani wa ICE wa mwaka 2025 uliowaruhusu maafisa kuingia nyumbani kwa nguvu kwa hati ya idara pekee, kwa watu wenye amri ya mwisho ya kuondolewa nchini. Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayozuia upekuzi usio na sababu, yalizaliwa mwaka 1791 kutokana na hasira za wakazi wa makoloni waliopekuliwa majumbani na maafisa wa mfalme wa Uingereza. Tunaojiita walinzi wa Katiba hatuwezi kuyakumbuka kwa ajili ya bunduki zetu na kodi zetu tu, kisha tuyasahau mlango unaobomolewa ukiwa wa mtu wa Honduras au wa Kongo. Nyumba hiyohiyo huenda ina watoto raia, na afisa akikosea namba ya mlango, ni mlango wangu.

Kuna jambo jingine ambalo wenzangu wengi hawalitaki kulisikia. Tunawalaani mameya wa miji inayokataa polisi wake wasaidie kukamata wahamiaji, lakini ngao yao kubwa mahakamani tuliifua sisi. Miaka ya 1990 sheria ya Brady iliwaagiza wakuu wa polisi wa kaunti wawachunguze wanunuzi wa bunduki kwa niaba ya serikali ya Washington. Masherifu wawili, mmoja wa Montana na mmoja wa Arizona, walikataa. Mwaka 1997, katika kesi ya Printz, Jaji Antonin Scalia akaandika kwamba serikali kuu haiwezi kuwatumikisha maafisa wa majimbo. Chicago inasimama juu ya uamuzi huohuo wa Scalia. Mimi siipendi siasa ya Chicago, na naona ni upumbavu kumwachia mtu aliyejeruhi wengine atoke jela bila kuwaarifu ICE. Dawa ni kuwashawishi wapiga kura wa Chicago, au Texas ifanye vyake ndani ya Texas. Kuivunja Printz ili tumpate meya mmoja ni kuwakabidhi Wademocrat wa kesho kila sherifu wa kila kaunti tunayoishi.

Mahali ambapo uhamiaji na faragha ya fedha vimekutana waziwazi ni kwenye mkataba wa Aprili 2025 kati ya Wizara ya Fedha na Wizara ya Usalama wa Ndani, uliofungua njia ya IRS kuwapa ICE anwani za walipa kodi. Kaimu kamishna wa IRS, Melanie Krause, alijiuzulu mkataba ulipojulikana. Sheria inayolinda siri ya ritani za kodi, kifungu cha 6103, iliimarishwa mwaka 1976 kwa sababu ya Nixon aliyetaka kuitumia IRS kuwaandama maadui zake. Tangu 1996 wasio na namba ya hifadhi ya jamii walipewa namba maalumu ya kodi wakaambiwa: lipeni, taarifa zenu zitalindwa. Waliolipa ni wale walioamua kutii. Novemba 2025 jaji wa Washington aliusimamisha mpango huo, lakini maelfu ya anwani yalikuwa yameshakabidhiwa. Kama neno la serikali kwa mlipa kodi linaweza kufutwa kwa mkataba wa wizara mbili, basi na ahadi walizopewa wahafidhina baada ya 2013 zina thamani gani?

Nilitarajia wenzetu wa nyumbani wangenishangaa kwa kuyashupalia haya, kumbe wao wako mbele. Mwaka 2025 Wakenya walikipinga kifungu cha Muswada wa Fedha kilichotaka kuiondolea KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kizuizi cha kudai taarifa binafsi za wateja, na bunge likakitoa. Anayeishi kwa M-Pesa anajua vizuri kwamba akisomwa miamala yake ya mwezi mmoja, amesomwa yeye mwenyewe.

Kuhusu ile kodi ya asilimia 1 ya pesa taslimu zinazotumwa nje, iliyoanza Januari 1, 2026, nitasema kidogo tu. Ilianza kama pendekezo la asilimia 5, ikashuka hadi 3.5, ikaishia 1, na haimgusi anayetuma kutoka akaunti ya benki au kadi ya Marekani. Kenya ilipokea karibu dola bilioni 5 kutoka kwa watu wake wa nje mwaka 2024, zaidi ya nusu kutoka huku, kwa hiyo si jambo dogo. Lakini pesa hiyo ilishakatwa kodi ilipochumwa, na kuikata tena kwa sababu mwenyewe ameamua kumpa mama yake si uhafidhina ninaoufahamu.

Sasa ramani za uchaguzi. Marekani hugawa viti 435 vya Baraza la Wawakilishi kwa sensa ya kila miaka kumi, kisha kila jimbo linachora maeneo yake ya uchaguzi, mara nyingi kwa mkono wa wanasiasa walewale watakaogombea. Kenya, pamoja na matatizo yote ya tume yake ya uchaguzi, IEBC, kifungu cha 89 cha Katiba kimeitoa kalamu mikononi mwa wabunge. Huku mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema, kwa kura 5 kwa 4, kwamba mahakama za shirikisho hazitaingilia uchoraji wa kuupendelea chama. Rais Trump alipotaka viti vitano zaidi Texas mwaka 2025, Wademocrat wa bunge la jimbo walikimbilia Illinois na kwingineko ili akidi isitimie. Walirudi, ramani ikapita, na Gavana Greg Abbott akaisaini Agosti. California ikajibu kwa Pendekezo la 50 mwezi Novemba, na wapiga kura wakaiweka kando ramani ya tume huru ambayo Arnold Schwarzenegger, Mrepublican, aliipigania mwaka 2008 na 2010.

Nazijua hoja za wenzangu. Massachusetts ina viti tisa vyote vya Wademocrat ilhali zaidi ya theluthi ya wapiga kura wake walimchagua Trump mwaka 2024. Illinois ina viti 17, na 14 ni vya Wademocrat, kwa maeneo yaliyopindwapindwa vibaya. Yote kweli. Lakini ramani ambayo Texas iliitupa mwaka 2025 haikuchorwa na adui. Warepublican wenyewe waliichora mwaka 2021, nayo ilikuwa inatupa viti 25 kati ya 38. Hakukuwa na sensa mpya. Tulikuwa na vingi, tukataka zaidi, na kwa ajili hiyo watu wa mitaa iliyozoea mwakilishi mmoja wakakatwa na kuunganishwa na kaunti za mbali wasizoshirikiana nazo hata barabara.

Ninaowaheshimu katika kisa hiki ni maseneta wa bunge la jimbo la Indiana. Wao ni Warepublican 40 kati ya 50. Ikulu iliwabana, Trump akatishia kuwaletea wapinzani kwenye uchaguzi wa mchujo, baadhi yao wakatishiwa hata majumbani. Desemba 11, 2025 waliikataa ramani mpya kwa kura 31 dhidi ya 19, na Warepublican 21 walikuwa upande wa kukataa. Sidhani kama yeyote kati yao amewahi kumpigia kura Mdemocrat. Waliona tu kwamba watu wa Indiana wana haki ya kumwajibisha mbunge waliyemjua, na hawakutaka kutumiwa.

Bunge la Texas litakaa tena katika kikao cha kawaida Januari 2027. Nimeshamwandikia seneta wangu wa jimbo, Mrepublican mwenzangu, mambo mawili: apinge muswada wowote wa kuchora ramani upya kabla ya sensa ya 2030, hata kama ramani hiyo itampa kiti mgombea ninayempigia kura mimi, na aunge mkono sheria ya kuwataka polisi wa Texas wanaofuatana na ICE waonyeshwe hati ya jaji kabla ya kuvuka kizingiti cha nyumba ya mtu. Mbunge wangu wa Washington nimemwandikia kuhusu dola 10,000 za miaka ya 1970, kiwango kipandishwe kulingana na bei za leo, na dola 1,000 za mpakani zifutwe. Hadi sasa imejibu ofisi yake tu, kwa barua ya kushukuru. Nitamwandikia tena, na kwenye mchujo ujao nitamwuliza ana kwa ana mbele ya watu.